Dirisha Namba Tatu, Ruwi

Alinisukumia dola mia nne chini ya kioo,
zimekunjwa mara mbili, zinanukia sabuni ya kufulia.
Nikamhesabia riali mia na hamsini na tatu.
Akazitazama kama aliyepunjwa.
"Ndizo zote?"
Ndizo zote, mama. Huku riali moja
humeza dola mbili na nusu, na bado ina njaa.

Pasipoti mpya, mhuri mmoja tu, wetu.
Lorna Pruitt, miaka sitini na mitatu,
dereva wa basi la shule, Toledo.
Akanieleza bila kuulizwa:
miaka tisa ya kudunduliza,
jino alilokataa kulitibu,
paa linalovuja hadi leo.
Mwanawe kamwita mwendawazimu.

Na shangazi yangu kule Wete angali anaamini
kwamba dola Marekani huota kama ukoka.

Nilicheka, nikaomba radhi.
Maana mimi, Zuwena, mzaliwa wa hapa hapa,
sijalivukia kaburi la babu yangu Pemba:
mwaka huu friji,
mwaka jana arusi ya mtu,
mwaka juzi sikumbuki, lakini pesa zilikwenda.

"Paa au safari," nikamuuliza, "ulichaguaje?"
Akalamba kidole, akazihesabu noti upya.
"Mvua kwetu hunyesha hata nikiwapo."

Jioni droo yangu ilitoka sawasawa.
Nyuma ya risiti iliyoharibika
nikaandika nauli ya Pemba,
chini yake bei ya friji.
Sikujumlisha.