Kaliua, Kaliua, Uvinza

Nyamizi hasomi noti. Nami sijui kuziandika.
Kwa hiyo tuko sawa.
Ninalo daftari la kurasa mia,
jalada lake lina jedwali la kuzidisha,
na penseli ya seremala niliyoitafuna hadi kwenye risasi.

Misigalo kaniletea gitaa ndani ya simu:
msumeno uliokutana na msumari.
"Ngoma za hapa ziwe na hasira," anasema.
Hasira ya mwendo gani?
Ananipigia kwenye paja. Paja lake si la kuaminika,
linaongeza kasi kila likisifiwa.

Basi naandika vituo.
Baba alikuwa gadi wa treni ya mizigo,
Tabora kwenda Kigoma, Kigoma kurudi Tabora,
na majina haya niliyajua kabla ya kufunga kamba za viatu:
Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka.
Ka-li-u-a: kulia, kushoto, kulia, kushoto,
mapigo manne ya ngoma kubwa bila nafasi ya kumeza mate.
U-vi-nza: matatu, la mwisho tupa toazi.
Ma-la-ga-ra-si: matano yaliyobanwa penye nafasi ya manne,
hapo ndipo mpigaji anapojulikana na mpiga kelele anapojulikana.

Tunafanyia mazoezi ghala la tumbaku, Kiloleni.
Marobota yalishaondoka, harufu imebaki na funguo.
Mchana kutwa Nyamizi anakanyaga cherehani barazani,
sare za shule, kola, vifungo, kola;
jioni anakanyaga pedali mbili
alizochomelewa na fundi baiskeli ambaye hadi leo
anaamini ni za kusukumia pampu ya maji.

Anasoma ukurasa midomo ikicheza. Anasimama.
"Umekosea."
Wapi?
"Snea umeiweka kwenye *Ka*. Nani anasema KA-liua?
Mgeni, tena aliyeshuka jana.
Sisi tunakanyaga *u*. Kali-U-a. Sikiliza."
Akapiga.
Vumbi la tumbaku likashuka kwenye kenchi
tukapiga chafya wote wanne.

Nilifuta ukurasa mzima, na wa nyuma yake.
Miaka kumi nimekuwa nikigonga mlango usio wetu,
kumbe maneno yote tuliyonyonya
yanaangusha nyundo silabi ya pili toka mwisho:
ma-DE-ni. ma-TU-si. u-KU-ni. ba-BA-ngu.
Nikahamisha kila msalaba hatua moja, mbili,
Misigalo akapotelea duru ya tatu,
akarudi, akapotea tena, akaanza kucheka huku anapiga,
na kwa mara ya kwanza gitaa lile likawa na hasira kweli.

Lakini ukurasa wa tisa ulinishinda.
"Treni ikifika daraja la Malagarasi," Nyamizi akauliza,
"inakimbia?"
Hapana. Inatambaa.
"Sasa mbona umenijazia misalaba kama makaburi ya kipindupindu?"

Baba alisema pale darajani
alikuwa akisimama mlangoni na taa ya kijani
na hakuna cha kufanya ila kusikia chuma kikifikiri.
Nilifuta. Nikafuta hadi karatasi ikatoa manyoya.
Kisha kile kituo kidogo ambacho treni haisimami tena
nimekiandika kwa upande wa penseli usio na risasi,
kwa kukandamiza tu.

Leo usiku anafika hapo kwa kidole.
Anakipapasa. Anainua fimbo zote mbili
na hapigi.
Spika inanguruma peke yake. Nyuma ya ghala
mtu anaburuta ndoo, anatulia naye.
Hamduni mbele ya maiki anavuta pumzi
kama anayetaka kuwatukana watu ukoo mzima,
bado hapigi, bado,
mkono wa Misigalo unatetemeka juu ya nyuzi,

kisha Uvinza.