Katoni ya Friji

Nimeibeba kichwani kutoka Lavington hadi Kangemi,
katoni ya friji tusiyokuwa nayo.
Watu wakanipisha njiani kwa heshima
kana kwamba friji imo ndani.

Saa moja asubuhi. Macho yana mchanga wa usiku mzima getini,
sare inanuka moshi wa makaa.
Mkawasi ananipokea mlangoni, hanisalimu mimi,
anaisalimu katoni.
"Baba, hili ni zizi."
Ana miaka sita, na ameshaamua.

Mwaka huu nauli ya Wundanyi imepanda ikafika bei ya mbuzi,
kwa hivyo tumebaki, na Krismasi tutaitengeneza hapa hapa,
chumba kimoja, pazia katikati.
Mama yao amekoroga gundi ya unga wa ngano
katika kopo la siagi,
naye Mwakio, asiyejua bado kwamba gundi si chakula,
ameilamba mara mbili
na anasogea tena.

Nakata dirisha kwa kisu cha mboga.
Paa linalala upande. "Lishikilie!"
Linashikiliwa, linaachwa, linaanguka,
tunacheka, gundi iko nyweleni.

Nyota ni pakiti za maziwa tulizopasua
tukageuza upande wa fedha nje.
Desemba hii tumekunywa chai kupita kiasi
ili mbingu ijae.
Vifuniko vya soda ametupa Mama Kerubo wa kioski,
tukavitoboa kwa msumari, ko, ko, ko,
hadi jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio.
"Na wewe pia, heri ya Krismasi,"
mke wangu akaiambia sakafu.

Kisha unga wa chapati za kesho ukaibwa donge.
Ng'ombe akatoka na miguu mitano,
"mmoja ni wa akiba."
Punda akatoka na masikio tu, mwili ukafuata baadaye.
Mtoto ni mdogo kama kunde,
amefunikwa kipande cha soksi yangu.

Hapo nikalala. Kwenye kiti, mkasi mkononi.

Nilipoamka jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili
na zizi lilikuwa na mtu mpya mlangoni,
kofia ya kifuniko cha soda,
njiti ya kiberiti mkononi.
"Huyu ni mchungaji?"
"Ni wewe."
"Lakini Bethlehemu hakukuwa na askari wa geti."
Mkawasi akanitazama
anavyomtazama Mwakio akivaa viatu kinyume.
"Sasa wale wa ngamia wangefunguliwa na nani?"

Sikuwa na jibu.
Nikafunga kamba za viatu, saa kumi na moja,
mkesha wa Krismasi, zamu ni yangu.
Mwakio akaning'ang'ania mguu kama kawaida,
safari hii hakulia. Alikuwa na shughuli na koti langu.

Huku Lavington wenyewe wamesafiri, wako Diani.
Wameacha mti mrefu sebuleni
na taa zinazowaka na kuzima, kuwaka na kuzima,
na mimi nje ya kioo ndiye ninayezitazama.
Mbwa amelala. Makaa yamevaa majivu.

Saa nane usiku nikatia mkono mfukoni kutafuta kiberiti
nikagusa kitu kigumu, kidogo.
Punda.
Amekauka. Sikio moja limeumwa,
na alama za meno ni za mtu ninayemjua.

Nikamsimamisha juu ya meza ya geti,
nikafungua daftari la wageni,
maana kazi ni kazi.
Jina: Punda.
Anakotoka: Kangemi.
Saa ya kuingia: nane na dakika kumi.
Anayemtembelea:

Miaka tisa nimeandika daftari hili.
Kalamu ikasita kidogo,
nikaipumulia wino ushuke,
nikaandika jina langu.