Saa Kumi na Moja, Bwawa la Kitivo cha Kilimo

Watu huujua usiku wake tu:
mwezi mpevu wa Novemba, mishumaa, udi,
wasichana wa mwaka wa kwanza ndani ya hariri za kuazima,
wavulana waliopiga magoti ukingoni
kana kwamba wameangusha ufunguo.

Mimi ni wa alfajiri.
Saa kumi na moja naingia majini,
viatu vya mpira hadi pajani,
na wavu wenye mpini wa mwanzi ulioandikwa kwa rangi:
Bunruean, Usafi, Jengo la Tatu.

Mwaka juzi nilivua krathong elfu tatu mia moja na kumi na mbili.
Sikuzihesabu kwa kupenda. Ofisi ilitaka ripoti.
Za sponji, nyeupe, zisizooza hata kwa kulaaniwa.
Za mkate, zilizofumuka zikawa uji,
na samaki, walafi wale, wameelea ubavu.
Pini ya chuma ilinichoma kidole gumba.
Kovu lipo, dogo, kama herufi iliyokosewa.

Ndipo wakaitisha kikao.
Dokta Phensri alitamka "urithi" mara tisa.
Nilikuwa nikipanga vikombe; neno lilielea mezani,
halikunielea.
Thanakrit, wa serikali ya wanafunzi, akasema iwe kwenye skrini:
unabonyeza, mshumaa unawaka, bwawa linabaki safi.
Wakapiga makofi.
Nami kwa kovu langu ningepiga,
ila sinia lilikuwa mkononi.

Lakini maji tunayoyaomba radhi ni yapi,
ikiwa hakuna aliyelowa?

Orathai alinijia nyuma ya chumba cha kufulia.
Ametoka Nan, anasomea udongo,
na mama yake hununua krathong dukani, tayari, ndani ya plastiki.
"Shangazi, jani linapasuka."
Linapasuka kwa sababu umelikata leo.
Jani bichi lina kiburi. Lilaze kivulini usiku mmoja,
lipanguse kwa kitambaa chenye unyevu,
ufuate mshipa, usishindane nao.
Kunja. Kunja. Chomeka njiti. Hapana, kwa ndani.
La kwanza likatoka kama sikio la mbwa.
La saba nalo.
Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Kufikia Ijumaa walikuwa kumi na mmoja kwenye ngazi,
mmoja wa uhandisi, akipima mikunjo kwa rula:
petali sawasawa kama meno ya msumeno,
nzuri, hazina uhai. Sikumwambia.

Magogo tuliyakata nyuma ya bweni,
kwenye migomba ninayoilisha mabaki ya bwawa.
Tulikata iliyokwisha kuzaa tu.
Mgomba huzaa mara moja, ukaacha chipukizi ubavuni.
Hilo halijawahi kuhitaji kikao.

Usiku wenyewe sikuuona.
Nililala; miguu yangu ina miaka hamsini na minane.

Leo, ukungu juu ya maji,
nakuta taa tatu za simu ukingoni.
Orathai, suruali ameikunja.
Yule wa uhandisi, na rula, sijui ya nini.
Na Thanakrit, macho mekundu kwa usingizi,
hasemi kitu, anashika ncha ya pili ya wavu.
"Maji baridi!" analia.
Ndiyo, nasema. Ni maji.

Tunavua. Sponji bado zipo, arobaini na kitu.
Skrini nayo ingali inawaka kwenye ukuta wa maktaba,
mishumaa yake haijapungua hata tone.

Kisha moja ya jani, sikio la mbwa,
na ndani yake kucha sita na unywele mmoja,
balaa za mwaka mzima za mtu
zilizotumwa mbali,
zisifike hata mita thelathini.
Naitambua mikunjo. Orathai anatazama kwingine.
Naifunika kwa kiganja, napanda nayo ukingo,
naifukia chini ya chipukizi la tatu,
kina cha mkono mzima,
kisha narudi majini. Bado ni nyingi.