Kumbukumbu za Kikao cha Januari

Nimeandika: kikao kilifunguliwa saa moja usiku,
theluji ikigonga madirisha ya ukumbi.
Ajenda ya tatu: uwanja wa kuegesha magari
nyuma ya kiwanda cha soksi kilichofungwa;
nyumba arobaini na mbili, kodi inayolipika.

Nimeandika: Bwana Thibault alihofia kivuli
kitakachoangukia nyanya zake.
Mwingine aliuliza magari yatalala wapi.
Magari!

Sikuandika kuwa Loretta Pelkey,
anayewaogesha wazazi wetu hospitalini,
hulala ndani ya lake, injini ikinguruma
robo saa, kisha kimya, kisha robo saa,
maana petroli nayo ina bei.
Alisimama, akataja kodi ya mwezi,
akataja mshahara, akaketi.
Hesabu ya kutoa. Jibu lilikuwa chini ya sifuri,
kama nje.

Mezani ramani, rangi ya njano
pasiporuhusiwa ghorofa: karibu mji mzima.
Afisa mipango akachukua kifutio,
akasugua kona moja.

Kura: wanne kwa watatu.
Msingi utachimbwa barafu ikiyeyuka.

Mlangoni Loretta aliniuliza, "Mwezi gani?"
Mimi, mwandishi wa kila neno,
hilo sikuwa nalo.