Mkunjo

Mama aliniuliza kwa simu, mwaka wa kwanza,
nasoma nini huko Dundee kusikoisha mvua.
Nikamwambia: uzi mmoja, mwembamba kuliko wazo,
unavyojikunja wenyewe ukawa kufuli, au mkasi, au mlango.
Akanyamaza. Kisha:
"Miaka minne ya kusomea kukunja?
Mimi nimekunja nguo za watu saba
na sijapewa hata cheti."

Sasa ni mwaka wa tatu, Desemba.
Saa tisa na nusu jua limeshaaga,
na protini yangu imekatika tena
kama maziwa yaliyotiwa ndimu:
wingu jeupe chini ya tyubu,
wiki tatu za kazi na Jumamosi zake
zimeganda, si kitu.

Ni protini ya kidudu cha malale.
Ng'ombe wa baba mdogo, kule Kibondo, kumi na mmoja,
walikonda majani yakiwa yamewafika magotini,
mbung'o wakiwapigia zumari masikioni.
Kwenye fomu ya ufadhili niliandika
"umuhimu kwa jamii".
Ng'ombe hawakuwa na kisanduku cha kujaza.

Dokta Abernethy huitazama grafu
kama mtu asomaye barua ya benki.
Umebadilisha chumvi? Nimebadilisha.
Umebadilisha asidi? Nimebadilisha.
Nimebadilisha hata mafuta ya nywele,
hata nia niliyokuja nayo.
"Basi," anasema, "sasa unajua usichokijua.
Hiyo ni hatua."
Hatua! Ngazi za nyumba hii
hazina ghorofa.

Senga anaosha vyombo vya maabara tangu sijazaliwa.
Hana shahada. Ana funguo zote.
Alinikuta chumba cha baridi, nyuzi nne,
nimekalia ndoo iliyofudikizwa,
nalia polepole ili miwani isishike ukungu.
Hakuuliza. Aliiinua tyubu kwenye taa, akaitikisa,
akasema kwa lafudhi yake ya kokoto mtoni:
"Unaiharakisha, binti.
Yurea yote unaiondoa kwa mkupuo,
kama kumvua mtoto nguo mbele ya wageni.
Ipunguze kidogo, kidogo. Nenda ukalale."

Samaki mkunje angali mbichi:
nimelelewa na methali hiyo
kama fimbo juu ya kabati.
Lakini huku ndani ya tone
hakuna mkono, hakuna mkunjaji.
Kuna maji tu pande zote,
na vile vipande vyake visivyopatana na maji
vinakimbilia katikati, vinashikana gizani,
na katika kukimbia huko
umbo linapatikana.

Naujua mbio huo.
Yako maneno yangu ya nyumbani
ambayo hayajatoka mdomoni tangu Septemba ile ya kushuka treni;
yamejikunyata chini ya koti, chini ya sweta,
yameshikana,
na siku ambazo upepo wa mto Tay unataka kunibeba
nadhani ni hayo yanayonisimamisha.

Nilipunguza. Tone kwa tone, usiku kucha,
pampu ikihesabu badala yangu.
Nililala saa tisa mfululizo,
jambo ambalo halimo kwenye daftari la majaribio
ingawa lingestahili kuandikwa.

Asubuhi tyubu ilikuwa nyeupe pe, kama haina kitu.
Mashine ikachora kilima kimoja kwenye skrini,
kidogo, kimeinamia kushoto,
si cha kutangaziwa mtu.
Sikwenda kwa Dokta. Nilikwenda kwenye sinki.
"Maji matupu," alisema Senga.
"Tazama tena," nikasema,
naye akatazama tena, mikono ikichuruzika povu,
kwa heshima ya mtu anayejua hakuna cha kuonekana.

Jioni mama akapokea.
"Umejikunja?"
"Umejikunja."
"Nani kaukunja?"
"Hakuna, mama. Niliondoka, nikalala."
Nikamsikia akiwaza, sufuria ikichemka nyuma yake.
"Haya," akasema. "Na mimi nguo nitaziacha leo juu ya kiti.
Tuone."