Mkono Upi

Mwanasheria Mulunda aliigeuza kalamu mara tatu,
akaisogeza dirishani, akainusa,
kisha akauliza kana kwamba niko kizimbani:
"Hii kweli ni kazi ya mkono?"

Nilitaka kusema ndiyo, nipokee faranga zangu.
Katuba hapa kodi ya chumba hailipwi kwa mafumbo.
Lakini ulimi ulijikwaa.

Tuanze na mti.
Mninga huu ulikuwa mguu wa kitanda
kilichovunjikia Kamalondo, usiku wa harusi, wanasema.
Seremala aliyeuchonga mara ya kwanza simjui jina,
ila patasi yake iliacha kovu, nami nikaliacha.
Liko chini ya kifuniko. Pitisha ukucha.

Kerezo langu ni mota ya mashine ya kufulia.
Mota yazunguka, mti wazunguka,
mimi nashika patasi tu, natulia
kama mtu anayengoja mtoto amalize kulia.
Je, kushika ni kufanya?

Chipasha wa Ruashi anasema siyo.
Yeye hukereza kwa uta, kamba na kidole cha mguu,
kalamu moja kwa juma zima,
na kila mwenye waya wa umeme kwake ni mwongo.
Sawa. Lakini patasi ya Chipasha ni springi ya Landrova,
na springi ile sidhani kama kuna aliyeifua kwa nyundo
huku akipuliza moto.

Ncha, sikufichi, inatoka kiwandani, mbali,
mia moja kwa kikopo, zote pacha.
Niliwahi kufua ya kwangu, miezi minne:
ilikwaruza karatasi kama kuku aliyepoteza punje.

Pete ya shaba, hiyo naweza kuiapia.
Au karibu.
Baba alivuta waya pale chini ya dohani ndefu
miaka kumi na tisa, na siku moja mashine
ikavuta vidole viwili vyake.
Chanda chema huvikwa pete;
vya baba havikungoja.
Waya aliorudi nao mfukoni ndio niliouyeyusha
ndani ya kopo la nyanya. Umebaki shibiri moja.

Halafu Alhamisi umeme ulikatika
kalamu hii ikiwa nusu:
upande mmoja duara, upande wa pili bado kitanda.
Kyabu, binti wa dada yangu, akafunga mkanda
kwenye gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa matako juu,
akazungusha pedali kwa mikono yote miwili
huku akikariri hesabu za kesho, jedwali la saba.
Saba mara sita, mbio.
Saba mara saba, mbio.
Kwenye saba mara nane akasahau,
mwendo ukalegea, patasi ikauma.

Ndiyo maana kiunoni pana kabonde kadogo.
Sikukapiga msasa.
Hapo ndipo kidole chako, bwana,
kimejilaza chenyewe tangu uishike.

Mulunda alitazama kidole chake
kama shahidi aliyebadili maneno.
Akaomba risiti.
Nikaandika: *kalamu moja, kazi ya*
nikakwama hapo, nikampa kalamu.
Akajaza mwenyewe, haraka, neno moja refu.

Mpaka leo sijaweza kulisoma.
Mwandiko wa wanasheria!

Alipokuwa anahesabu noti, sauti ikatoka uani,
yenye hasira, yenye ushindi,
siku tatu baadaye:
"Hamsini na sita!"