Alama ya Konokono

Szentes, mwezi wa tisa. Nimekaa nyuma ya darasa
kwenye kiti kilichopimwa kwa magoti ya watoto,
daftari mapajani, kinasa sauti nimekizima
maana kikiwaka wote wanazungumza kama redio.

Hadi mwezi wa sita Zsombor alikuwa konokono.
Hapa kila mtoto wa chekechea hupewa alama yake:
konokono juu ya ndoana ya koti, konokono kwenye kikombe,
konokono mwekundu aliyedariziwa na bibi
pembeni mwa shuka ya usingizi wa mchana.
Hakujua kusoma, na hakupotea hata siku moja.

Sasa ndoana zote zina herufi.
Amesimama mbele yake, koti mkononi,
anazipapasa kwa kidole, moja moja,
kama mtu anayetafuta mlango wa kwao
katika mtaa uliopakwa rangi usiku.
Zs: herufi mbili, sauti moja.
Hilo nalo hakuna aliyemwonya.

Fomu yangu ina maswali kumi na manne.
Je, mtoto ametulia? Je, anaomba ruhusa?
Je, anakaa dakika ishirini bila kuinuka?
Nikatia ndiyo, ndiyo, mara chache.
Kisha nikamwuliza langu mwenyewe:
"Ni kitu gani cha kule unachokikumbuka?"
Nilitarajia usingizi. Au mchanga. Au Bi Piroska
aliyewafunga kamba za viatu huku akiimba puani.

Alifikiri, akibandua gundi iliyokauka mezani.
"Nani," akaniuliza, "amepewa konokono wangu?"

Fomu haina safu ya swali la mtoto.
Chuoni jambo hili tunaliita mpito,
tunalichorea mshale
kutoka kisanduku hiki kwenda kile,
na mshale hauna mgongo wa kubebea nyumba.

Jioni nilimpigia mama simu: alama yangu ilikuwa nini?
Hakusita. "Mwavuli.
Taulo lako bado ninalo, nafutia madirisha."

Kesho yake, nikipita kati ya madawati,
niliona chini ya jina lililopindapinda,
pembeni kabisa, pale wino mwekundu usipofika,
kitu kidogo chenye pembe mbili
kikitambaa kuelekea ukurasa unaofuata.